Imani Isiyoendeshwa na Hofu: Mwongozo kutoka Bugendana

Mkristo anaweza kusali kila siku, kutoa zaka bila kukosa na kufunga Kwaresima yote, na bado imani yake ikawa inaendeshwa na hofu tangu alfajiri hadi usiku, kwa kuwa hofu haigombani na ibada. Huzipenda, huziongeza, na kadiri zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo inavyojificha vizuri zaidi ndani yake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama imani yake inaongozwa na upendo au na woga hapati jibu kwa kuhesabu sala zake. Jibu hupatikana kwa kuangalia jinsi anavyowatendea watu ambao ana sababu ya kuwaogopa. Mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo hicho, na mfano wake wa kwanza umetoka tarafa ya Bugendana, katika mkoa wa Gitega, katikati ya Burundi, mahali ambapo hofu ina tarehe na makaburi yake.

Hofu ya mtumwa na hofu ya mwana

Walimu wa imani wametofautisha tangu zamani aina mbili za hofu. Ya kwanza huitwa hofu ya kitumwa, yaani ile ya mtu anayetii kwa sababu ya kiboko, ambaye bwana wake akisafiri naye huacha kazi. Ya pili huitwa hofu ya kimwana, ile ya mtoto anayechelea kumhuzunisha mzazi anayempenda, na ndiyo ambayo Wakristo wanaozungumza Kiswahili huiita kicho au uchaji. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipokuwa akiufafanulia umati Waraka wa Kwanza wa Yohana mwanzoni mwa karne ya 5, aliilinganisha hofu ya kwanza na sindano ya mshonaji: sindano hutangulia kupenya kitambaa, lakini isipotoka upande wa pili, uzi hauna pa kupita. Wahubiri wengi wa siku hizi, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, wamebaki wameishika sindano.

Ni muhimu kutambua kwamba mafundisho hayo hayaidharau hofu. Mtaguso Mkuu wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1551, ulikubali kwamba hata majuto yasiyo kamili, yaani majuto yanayotokana na kuogopa adhabu ya jehanamu au na kuona ubaya wa dhambi, ni zawadi ya Mungu na humwandaa mtu kuipokea Sakramenti ya Kitubio. Mwamini aliyeongoka kwa kuogopa moto hana haja ya kuuonea aibu mwanzo wake. Tatizo huja pale mwanzo unapogeuzwa kuwa makao ya kudumu, na mtu aliyebatizwa miaka 30 iliyopita bado anaishi kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

Yohana mwenyewe, katika sura ya 4 ya waraka huo, mstari wa 18, anafundisha kwamba upendo uliokomaa hauachi nafasi kwa hofu, kwa kuwa hofu hukaa ikiitazama adhabu. Mstari huo hunukuliwa kila mahali, kwenye kadi za harusi na kwenye vioo vya daladala, lakini ule wa 20, unaokuja mistari miwili tu baadaye, huachwa nyuma, ingawa ndio wenye maagizo: asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kudai kwamba anampenda Mungu asiyemwona. Yohana hamtumi mtu ajichunguze moyoni hadi aone kama hofu imekwisha. Anamtuma kwa ndugu yake.

Bugendana, Julai 1996

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na milima ya Gitega ikagawanyika: Watutsi wengi walikusanyika katika kambi za waliohama makwao, karibu na wanajeshi, huku Wahutu wengi wakibaki milimani au wakikimbia, na kila upande ukiyatazama mashamba ya upande wa pili kwa woga. Tarehe 20 Julai 1996 kambi ya Bugendana ilishambuliwa na watu zaidi ya 300 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi, Rais Sylvestre Ntibantunganya alirushiwa mawe na waombolezaji akalazimika kuondoka. Tarehe 25 Julai jeshi lilimrudisha Pierre Buyoya madarakani.

Mazishi hayo yaliongozwa na Joachim Ruhuna, Askofu Mkuu wa Gitega, ambaye kwa asili alikuwa Mtutsi, na ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amelaani mauaji bila kujali yamefanywa na waasi au na wanajeshi. Alisema wazi mbele ya majeneza kwamba lililotendeka ni uovu. Kisha aliendelea kuzitembelea parokia zake kwa njia zilizokuwa zikiviziwa, hadi tarehe 9 Septemba 1996 gari lake liliposhambuliwa njiani akirudi Gitega, akauawa pamoja na baadhi ya waliokuwa naye.

Mwenye kuutafuta upendo unaoshinda hofu ana mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba upendo haumtaki mtu ajifanye haoni hatari. Watu wa kambi ile waliogopa kitu cha kweli, na anayewaambia waliofiwa kwamba woga wao ni upungufu wa imani anaongeza jeraha juu ya jeraha. La pili ni kwamba upendo si upole wa maneno. Kuna wanaodhani kwamba Mkristo mwenye upendo ni yule asiyemkera mtu, lakini ukimya wa namna hiyo mara nyingi ni hofu iliyovaa kanzu, na Ruhuna aliukataa.

Mfano wa pili unatoka kusini, katika seminari ndogo ya Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia mabwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri pamoja na wengine, akiwemo padre na mshairi Michel Kayoya aliyeuawa Gitega mwezi Mei 1972. Husimuliwa mara nyingi kana kwamba ushujaa wa vijana wale ulishuka juu yao usiku uleule, na hapo ndipo masimulizi yanapokosea. Gambera wao, Padre Zacharie Bukuru, ameeleza jinsi seminari ilivyotumia miaka ya vita kuzungumza waziwazi juu ya makabila, historia na uvumi uliokuwa ukiwafikia kutoka nyumbani, jinsi walivyocheza mpira na ngoma pamoja, na jinsi walivyokuwa wametoka tu kwenye mafungo ya Pasaka. Walikuwa wamekwisha kuzoeana kabla ya kuamriwa watengane. Hatua zinazofuata hapa chini zote ni za aina hiyo ya mazoezi. Mtu hujizoeza kupenda siku za kawaida, wakati hakuna anayemshikia silaha.

Kuitambua hofu ndani ya ibada

Dalili ya kwanza ni ibada iliyogeuka malipo. Mwamini anashauriwa kuichagua ibada moja ambayo hakuamriwa na Kanisa lake bali amejiwekea mwenyewe, kama vile novena, yaani sala ya siku tisa mfululizo, au mafuta ya upako anayopaka mlangoni, au sala ya usiku wa manane, kisha aiache siku moja kwa makusudi na kuangalia anachotarajia kitokee. Akiona anasikitika kwamba amekosa mazungumzo mazuri, ibada ile ni ya upendo. Akijikuta anasubiri mtoto augue au biashara ianguke, basi ibada ile imekwisha kuwa hirizi, hata kama ina msalaba juu yake, na inafaa ipumzishwe kwa muda.

Dalili ya pili ni dhamiri yenye wasiwasi, yaani hali ya mtu kuona dhambi pasipo dhambi, au kuungama tena na tena jambo ambalo lilikwisha kuondolewa. Ugonjwa huu hauwachagui watu dhaifu peke yao. Ignasi wa Loyola aliteswa nao mwaka 1522 huko Manresa, Hispania, hadi akafikiria kujiua, na akapona alipoamua kutorudia kuungama mambo ya zamani. Martin Luther, alipokuwa bado mtawa, alimchosha muungamishi wake kwa sababu hiyohiyo. Dawa ni ileile: kuchagua muungamishi au mchungaji mmoja mwenye busara, kuungama mara moja, kufanya malipizi aliyopewa, na kutii anapoambiwa kwamba jambo limekwisha.

Kwa Waprotestanti wa eneo hili dalili hiyo ina sura yake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na ambao uliingia Burundi kupitia misheni za Kianglikana za Buhiga na Matana, uliwafundisha waliookoka, ambao Warundi huwaita abarokore, kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Desturi hiyo ilizaa matunda ya ajabu: watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, na waliombana msamaha kwa kuvuka mipaka ya kabila na ya rangi. Hata hivyo, palipokosekana upendo, ushirika uligeuka mahali pa kuchunguzana, ambapo kila mmoja huogopa kuja bila dhambi ya kusimulia. Kanuni inayofaa ni fupi: mtu aungame yake na si ya mwenzake, na kama alichoungama ni wizi au kashfa, atoke pale aende kurudisha.

Dalili ya tatu ni kiongozi anayehitaji waumini waogope. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililotangaza mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ya watu waliokuwa wamefunga kula wakiamini watakutana na Yesu. Kabla ya vifo hivyo palikuwa na hatua ambazo yeyote angeweza kuziona: watu waliuza mali zao, watoto walitolewa shuleni, hospitali zilikatazwa, na ndugu walio nje ya kundi wakaanza kuitwa maadui. Anapomsikia mhubiri akimtenga na mama yake kwa jina la Mungu, mwamini asisubiri ishara nyingine.

Kuanza kwa jirani

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayopaswa kupewa muda mrefu. Msomaji achague mtu mmoja tu, mwenye jina, ambaye humwogopa au humtilia shaka: mtoto wa familia iliyohusika na mauaji, jirani anayesingiziwa uchawi, mkimbizi aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na kudai shamba, au yule aliyebaki akalilima shamba hilo kwa miaka mingi. Amtaje katika sala kwa jina lake, bila kumwombea abadilike; hilo la pili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu sala nyingi za kuwaombea maadui ni malalamiko yaliyopelekwa kwa Mungu.

Baada ya hapo aende kuazima kitu. Wahubiri hupenda kushauri watu watoe zawadi, lakini mtoaji hubaki juu na mpokeaji chini, ilhali anayeazima jembe au kuomba msaada wa kubeba mgonjwa anajiweka mikononi mwa mwenzake na kumtambua kuwa mtu anayeweza kutegemewa. Kazi za kusaidiana shambani, ambazo Warundi huziita ikibiri, zina nguvu hiyohiyo: leo kundi zima linalima kwa mmoja, kesho kwa mwingine, na hakuna anayeweza kuendelea kumwona kama adui mtu aliyemlimia maharage yake.

Kisha kuna kula na kunywa pamoja, jambo ambalo katika nchi ya hofu ya sumu haliwezi kuchukuliwa kwa wepesi. Mwenyeji wa Kirundi anayemkaribisha mgeni pombe ya mtama au ya ndizi huonja kwanza mwenyewe, mbele ya macho yake, ndipo amkabidhi chombo. Tendo hilo dogo linakiri kwamba hofu ipo, linaijibu kwa mwili wa mwenyeji badala ya maneno, na halimdai mgeni ajifanye jasiri. Waumini ambao dhehebu lao limewakataza pombe wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa uji au kwa sahani moja ya maharage na ndizi. Lililo muhimu ni kwamba anayealika ndiye anayetangulia kujiweka wazi. Huko Muyinga, kaskazini mashariki, ambako Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu nyingi za nchi na ambako Kiswahili husikika sokoni, mezani hapo wataketi pia watu wa dini nyingine, na Mkristo anayeukubali mwaliko wa Idi bila kuogopa kwamba imani yake itachafuka amekwisha kupiga hatua kubwa.

Palipo na damu, hatua hizi hazitoshi bila ukweli kusemwa. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya pamoja katika uliokuwa mkoa wa Karuzi, uliopakana na Gitega, na mifupa hiyo iliwakumbusha wote kwamba kusamehe si kunyamaza. Kanisa la Marafiki, ambalo limekuwapo Kibimba, karibu na Gitega, tangu mwaka 1934, limeonyesha njia inayoweza kuigwa na parokia yoyote. Katika semina za siku tatu zilizoanza mwaka 2003, watu wapatao 20 huketi pamoja, nusu kutoka kila upande, wanazungumzia waliyoyapoteza, huzuni na hasira, kisha wanachora miti miwili: mti wa kutoaminiana, ambao mizizi yake ni mambo kama uvumi na hofu, na mti wa kuaminiana, ambao mizizi yake wanaitafuta wenyewe. Asiyekuwa na semina anaweza kuanza na watu wawili na kipande cha karatasi.

Watoto na Mungu wa fimbo

Mzazi anayemwambia mtoto kwamba Mungu atamchapa asipolala amejipatia usiku mmoja wa utulivu na kumpa mtoto Mungu ambaye atamkimbia akifika miaka 18. Warundi wana urithi mzuri zaidi wa kutumia: majina kama Hakizimana, yenye kukiri kwamba Mungu ndiye aokoaye, na Nduwimana, yenye kusema kwamba mtu ni wa Mungu. Ni kweli pia kwamba mapokeo hayohayo yamezaa majina kama Nzikobanyanka, ambalo mzazi huliweka ili majirani wasikie kwamba anajua wanamchukia. Mtoto hubeba hofu ya baba yake sokoni na darasani maisha yake yote bila kuulizwa. Mzazi Mkristo anayesubiri mtoto anaweza kuanzia hapo, kwenye jina.

Hofu isiyo ya kiroho

Iko hofu ambayo mwongozo wowote wa imani lazima uikabidhi kwa wengine. Mtu anayeshtuka usingizini kila mwezi wa Julai unapokaribia, anayeanguka au kutetemeka akisikia mlango ukibamizwa, au asiyeweza kupita barabara fulani hata akisali, huenda anaugua kiwewe kilichobaki mwilini baada ya vita, hali ambayo Warundi huiita ihahamuka. Kumwekea mikono na kumkemea pepo mbele ya mkutano humwongezea aibu, na kumwambia kwamba angempenda Mungu zaidi asingeogopa ni kumtwika hatia ya jambo asilolitenda. Apelekwe kwa mshauri aliyefunzwa kuhudumia waliojeruhiwa na vita, au kituo cha afya kama hakuna mshauri wa aina hiyo karibu, na kiongozi wake wa dini aende naye, akae nje kwenye benchi hadi amalize, kisha arudi naye tena wiki inayofuata.